Masikio ya Lulu

Mwanangu Nabintu,

Salamu nitaziruka. Nitamsalimuje mtu ambaye namsikia nyuma ya ukuta huu akigombana na zipu ya valizi? Mama yako amekwambia ukae juu yake ndipo ufunge, umekataa. Ukaidi huo umeutoa wapi, mtaa mzima unajua, na hakuna anayemshuku mama yako.

Kesho asubuhi unapanda boti pale Kalundu kwenda Kalemie kufundisha watoto wa watu. Sitakuandikia habari za kula vizuri, za kwenda misa, wala za wanaume wa Kalemie. Hayo mama yako ameyasema wiki nzima, na yale ya wanaume ameyasema kwa mifano. Mimi nina neno moja tu. Nikilisema kwa mdomo nitapandisha sauti, wewe utanyamaza, na tutaachana bandarini kila mtu na uso wake. Kwa hiyo naliandika. Neno lenyewe ni Lulu.

Jumapili tulipokuwa tunakula ulitangaza kwamba mbwa wako utampeleka kwa wale masista wa Bujumbura wanaofuga mbwa. Nikauliza, kwa nini asibaki hapa nyumbani? Ukanijibu bila hata kuinua macho kutoka kwenye mboga ya sombe: "Papa, weye unajua pikipiki. Mbwa, hapana. Minye nikimuacha kwako atakufa." Mama yako alicheka mpaka akafuta machozi kwa kanga. Nami nilicheka ili nisibaki peke yangu, lakini bugali wangu sikuumaliza.

Sasa nasema: Lulu anabaki. Au niseme kwa adabu, maana mbwa ni wako na mimi ni fundi tu mwenye mikono michafu: naomba abaki. Nitakupa sababu zangu zote, hata zile zinazonishtaki, halafu utaamua wewe.

Unakumbuka alivyofika. Yule mhandisi mgeni aliyepanga nyuma yetu alipomaliza kazi yake ya mabomba, alikuachia wewe mbwa wake mdogo kwa sababu kila alipotoroka, wewe ndiye uliyemrudisha. Alisema ni mbwa wa aina ya épagneul, wa wawindaji wa ndege, anayependa maji kuliko chakula, na kwamba masikio yake yanataka uangalizi. Hilo la masikio aliniambia mimi, kwa Kifaransa, polepole, kama mtu anayeongea na mzee. Nikatikisa kichwa. Ukweli ni kwamba nilikuwa nawaza mambo mengine: mbwa gani huyu, manyoya ya kondoo, masikio yanafagia vumbi, mwizi akiingia atambembeleza ampe pole. Sikusikia hata neno la yule mtu. Anayeitwa mkubwa nyumbani ndiye aliyekuwa wa kwanza kuziba masikio.

Nawe ujue nilikotoka. Kwetu Lubarika mbwa alikuwa kiumbe wa nje. Anakula ukoko wa sufuria, analala kwenye majivu, na mwanaume mzima hamgusi isipokuwa kwa fimbo. Babu yako alikuwa na mbwa wa kuwinda, na kila watoto wa mbwa walipofumbua macho aliwakata masikio kwa wembe, akapaka majivu, basi. Wazee walisema mbwa mwenye sikio fupi anasikia mbali na hakamatwi na mnyama porini. Mimi ndiye niliyekuwa nawashika wakati wa kukatwa. Walilia kama watoto wa watu, na mimi nilijifundisha kuangalia pembeni. Sikuuliza hata siku moja kama ni kweli kwamba walisikia vizuri zaidi. Kuuliza si ujinga, tunasema, lakini kwa babu yako kuuliza kulikuwa na bei yake.

Kisha ukaja ule mwaka ziwa lilipopanda likaingia kwenye viwanja vya watu. Sisi tulikuwa tunabeba magodoro kichwani, Lulu yeye alikuwa kwenye arusi. Asubuhi majini, mchana majini, jioni anarudi amelowa mpaka kwenye mifupa na analala hivyo hivyo kwenye sakafu yenye unyevu. Baada ya muda akaanza kutikisa kichwa. Akajikuna shingo mpaka manyoya yakang'oka na ngozi ikawa nyekundu. Wewe ulisema, "Papa, hii mbwa iko na maji mu masikio." Nikasema huo ni ukurutu, na dawa ya ukurutu kila fundi wa Uvira anaijua: vidange, yale mafuta meusi tunayoyamwaga kutoka kwenye injini. Nikampaka Lulu vidange kuanzia shingoni mpaka mgongoni, kwa brashi, nikipiga mluzi.

Sitaelezea kilichofuata, ulikuwepo. Mbwa hujilamba, na mwenye manyoya marefu kama yale hujilamba sana. Alitapika kitu cheusi, akatetemeka miguu, akakataa chakula. Wewe ulikuwa unamwosha kwa sabuni ya kipande, unasuuza, unaosha tena, mikono yako ikachubuka, na mimi nilisimama mlangoni nikasema, "Mbwa ni mbwa, atapona." Maneno hayo ndiyo yananiudhi kuliko hata mafuta. Mafuta nilimpaka kwa kutojua. Maneno yale niliyasema huku namwona.

Alipona ngozi, masikio hayakupona. Na hapa nataka usome polepole, kwa sababu hili ni lako wewe unayekwenda kusimama mbele ya darasa. Lulu aliacha kuja akiitwa. Namwita, anatazama ziwa. Namwita tena, amenipa mgongo. Nikaona kiburi. Nikaona mbwa aliyedekezwa na mtoto aliyedekezwa. Nikachukua ule mkanda wa mpira tunaofungia mizigo kwenye pikipiki na nikampiga, siku kadhaa, kila alipokataa kuja. Naye alikuwa anashangaa, Nabintu. Ananitazama, anajaribu kuelewa kosa ni lipi, halafu anakuja kunilamba mkono uleule. Hakuwa na kiburi hata chembe. Alikuwa hasikii, kwa sababu masikio yote mawili yalikuwa yameziba kwa uchafu na usaha, na mimi niliyekuwa nampiga sikuwa nimeinua sikio hata moja nitazame chini yake.

Watoto wa namna hiyo utawapata kule. Unamwita jina, hajibu. Unauliza swali, anatazama dirisha. Kabla hujaona kiburi, mwanangu, nenda ukae karibu naye uchungulie. Inawezekana ni mtukutu kweli, wapo, wewe mwenyewe ulikuwa mmoja wao. Lakini chungulia kwanza.

Halafu akaja Kashindi, binamu yangu wa Lubarika, ameleta mchele wa kuuza mjini. Akamshika mbwa, akainua sikio moja, akarudi nyuma ameziba pua. "Fundi, hii masikio ndiyo iko inamuua," akasema. "Kata, upepo uingie. Mbwa ya muzungu ama ya nani, sikio ni sikio." Na mimi nikaona ana akili. Nilifikiri kama fundi: kifuniko kinazuia hewa, toa kifuniko. Nilifikiri pia kama mtoto wa baba yangu. Tukatafuta wembe mpya, kamba na majivu, na mimi nikashika kichwa cha Lulu kama nilivyokuwa nikishika zamani. Nilikuwa nimeshaanza kuangalia pembeni.

Ukatokea kutoka shule. Hukupiga kelele, na hilo ndilo lililonitisha. Uliweka mfuko wa daftari chini, ukakaa kwenye udongo na ile sketi yako ya buluu ya shule, ukamvuta Lulu mapajani, ukafunika masikio yake kwa viganja vyako viwili. Ukasema, "Papa, kama ni kukata, anzia mikono yangu."

Nilikutukana. Nilisema mtoto gani anamzuia baba yake mbele ya mgeni. Ulinitazama tu, machozi yanatiririka, mikono haisogei. Kashindi akacheka, akanitia wembe mkononi, akakunja kamba yake: "Huyu mutoto wako iko na kichwa ya mawe. Minye nakwenda kuuza muchele." Akaenda. Nikabaki na wembe mkononi mbele ya binti yangu aliyekaa chini, na kwa mara ya kwanza katika maisha yangu nilijiona jinsi nilivyokuwa naonekana. Wanasema asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Siku ile mkuu ndiye aliyekuwa wa kuvunjika, na mtoto ndiye aliyekuwa na la kusikiwa.

Nilitia wembe mfukoni, nikawasha pikipiki, nikasema, "Panda." Tukaenda kwa daktari wa mifugo, Lulu katikati yetu, viganja vyako bado juu ya masikio yake. Yule daktari alimchoma Lulu sindano ya usingizi, akasafisha, akasafisha tena, na ndani ya sikio la kushoto akatoa mbegu ya majani, ile yenye miba inayong'ang'ania suruali ukipita kwenye nyasi za bonde la Ruzizi. Ilikuwa imeingia ikatembea mpaka ndani. Akatueleza kwamba sikio la kuning'inia halikauki lenyewe, hasa la mbwa mwogeleaji, na kwamba kulikata kusingeponya chochote, kwa sababu ugonjwa ulikuwa chini kabisa, mahali wembe haufiki. Halafu akashika yale manyoya ya mgongoni yaliyokuwa bado yana madoa meusi akauliza, "Na hii vidange, nani alimupaka?"

Nilikuwa nafungua mdomo. Wewe ukanitangulia: "Alijilalia mu garaji, doktere. Kwenye mafuta."

Ulinifunika, Nabintu. Mimi niliyekuwa nimeshika wembe saa ile ile. Sikukushukuru siku ile, wala kesho yake, wala mpaka leo. Basi pokea sasa: asante, mama. Nakuita mama kwa sababu una jina la mama yangu, na kwa sababu siku ile ulinilea.

Sikio la kulia lilipona. La kushoto halikurudi kusikia. Na tangu hapo ukaniwekea sheria ambayo hukuitamka: Papa hamgusi Lulu. Kila nilipomkaribia, ulipata sababu ya kumwita. Nilikubali, maana nilistahili.

Sasa nakuambia kitu usichokijua. Ulipokwenda Runingu kufanya mazoezi ya kufundisha, ulimwachia mama yako kazi ya masikio, ukamwonyesha kila kitu, na uliporudi ukamkumbatia kwa sababu Lulu alikuwa safi kuliko ulivyomwacha. Mama yako anaogopa mbwa, ila aliona haya kukukatalia. Ameishi na Lulu miaka yote hii na hajawahi kumgusa isipokuwa kwa ncha ya ufagio. Siku ya pili tu alinipa ile pamba na chupa ya dawa akasema, "Baba Nabintu, minye siwezi. Iko inaniangalia." Ni mimi niliyefanya. Na sikuacha uliporudi. Ulikuwa unamsafisha mwisho wa wiki ukijisifu kwamba hakuna uchafu. Kungekuwaje na uchafu wakati mimi nimeshapita asubuhi kabla hujaamka? Sasa unajua mama yako Jumapili alikuwa anacheka nini.

Nilijifunza polepole, kama nilivyojifunza injini, kwa kuharibu kidogo na kurudi kuuliza. Nilirudi kwa yule daktari peke yangu, nikamwambia ukweli wa vidange, akanicheka, akanifundisha. Sasa najua kwamba akitoka ziwani ninamkausha na kitambaa chini ya sikio kabla ya mgongo, kwamba kijiti hakiingii ndani hata kwa bahati mbaya, kwamba pua yangu inajua ugonjwa siku mbili tatu kabla ya macho. Harufu ya manyoya tu ni sawa. Harufu ya chachu, twende kwa daktari. Nywele za chini ya sikio ninazipunguza kwa mkasi wa mama yako, naye anafikiri mkasi umekuwa butu kwa sababu ya vitenge. Usisome hapo kwa sauti. Akila, namvalisha kichwani soksi iliyokatwa ncha, masikio yabanwe yasichovye kwenye mchuzi wa samaki ndagala. Tukipita kwenye nyasi, natafuta mbegu na kupe katikati ya vidole vyake, na yeye ananipa mguu mmoja mmoja bila kuombwa. Mifupa ya kuku hapati. Chanjo ya kichaa cha mbwa nilimpeleka mimi mara ya mwisho. Wewe ulifikiri ni jirani yetu aliyejitolea.

Usidhani wateja hawakunicheka. Mwanaume na ndevu zake amekaa mlangoni mwa garaji anapangusa mbwa masikio, na pikipiki tatu zinangoja. Mmoja akaniuliza, "Fundi, umekuwa munganga wa mbwa?" Nikamwambia pikipiki yako ikiumwa inapiga kelele, huyu hapigi, kaa kwenye benchi. Akakaa. Wiki iliyofuata alikuja na mbwa wake.

Kwa nini nilikuficha? Kwa kiburi tu. Nilitaka ujue bila mimi kukwambia, na ulipokosa kujua nikakasirika kana kwamba ni kosa lako. Hili nalo libebe uende nalo: ukiwa umebadilika, sema. Watu wanaokupenda wanaendelea kukulinda dhidi ya mtu uliyekuwa zamani, na hawana njia ya kujua kwamba ameondoka.

Masista wa Bujumbura ni watu wazuri, sitawasemea vibaya ili nishinde. Wana uwanja mkubwa na moyo mkubwa. Lakini Lulu amezeeka. Sikio moja halisikii, na jicho lake limeanza kuwa na ukungu. Hapa anajua kila kona kwa pua. Anajua kwamba ukitaka kumwita unagonga ardhi kwa mguu upande wake wa kulia. Kule atakuwa mbwa mgeni kati ya mbwa wakubwa, na ataitwa upande asiosikia, na atatokea mtu mwema kabisa atakayefikiri ni kiburi. Nalijua jambo hilo kutoka ndani, ndiyo maana silali.

Na sababu ya mwisho haihusu mbwa. Utaondoka, na mimi nitaamka asubuhi nikiwa sina wa kugombana naye. Namhitaji Lulu. Nimeandika, sifuti.

Kile kikapu walichotuma masista nimekiweka mlangoni, nimekitandika blanketi. Nitatoka mapema kwenda garaji ili usiamue huku nakutazama. Ukimweka Lulu ndani, nitampeleka mwenyewe kwa pikipiki mpaka kwao, nitaendesha polepole, na nitawaonyesha soksi, mkasi na upande wa kugonga mguu. Sitakununia. Ukikiacha kitupu, nitatia spana zangu humo na mambo yamekwisha.

Ila nina ombi moja. Kila ulipotoka nyumbani, hata kwenda sokoni, uliporudi ulimwuliza mama yako, "Masikio ya Lulu yakoje?" Miaka yote umemwuliza yeye, anatazama dari, na mimi nipo pale pale nina jibu mdomoni. Kesho pale Kalundu, kabla hujapanda boti, mbele ya wabeba mizigo na watu wote, niulize mimi.

Baba yako